Dereva wa Mguu Mmoja na Usukani wa Ukutani

Mwaka ule tulikula michembe mpaka tukaiota. Mvua zilikuwa zimezidi, mtama ukaozea shambani ukiwa umesimama, mahindi yakabaki mabua, na kilichotuokoa ni viazi vitamu tulivyokuwa tumevikata na kuvianika juu ya mawe msimu wa nyuma yake. Asubuhi michembe, mchana michembe na karanga, jioni michembe na maziwa kwa mwenye ng'ombe. Na mwaka huohuo, kwa kuwa zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu huru kuagiza na kuuza, duka la kona pale sokoni Bariadi lilijaa tambi za pakiti, siagi ya mkebe na biskuti zenye picha ya mtoto anayecheka. Tulikuwa tunapita na vikapu vyetu, tunazitazama zile tambi, mtu anamuuliza mwenzake kama ni chakula au kamba za viatu. Huo ndio mwaka ambao mtu ninayemwandika leo alikuja kunigongea mlango kwa ncha ya mkongojo wake, akitaka usukani wa marehemu mume wangu. Jumanne tumemzika.

Jina lake silitaji. Wasomaji wa safu hii mmeshanizoea, sitaji watu, na mjukuu wangu anayenisahihishia herufi, wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka darasa la saba, huwa ananiambia, "Bibi, hata usipotaja watamjua." Ni kweli. Wa mtaani kwetu watamjua kwa mguu tu. Habari za kifo chake nilizipata nikiwa napepeta karanga. Mkewe alisimama kwenye ua wangu, akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, dereva ameondoka." Hakusema mume wangu. Hakusema baba fulani. Alisema dereva, na mimi niliweka ungo chini, kwa sababu kulikuwa na miaka mingi katikati hapo ambayo hakuna mtu aliyemwita hivyo, na najua jina hilo lilirudi vipi.

Alianza kama utingo wa mume wangu. Mume wangu aliendesha lori la chama cha ushirika, lile la kubeba marobota ya pamba kutoka kiwandani mpaka stesheni ya Malampaka kwenye treni. Huyu alikuwa anakaa juu ya mzigo, anashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani, anachimba matope ya mbuga kwa jembe wakikwama. Miaka ikaenda, naye akapewa lori lake. Walikuwa wanapishana njiani, wanapigiana honi, na mimi kwenye jiko langu nikisikia honi mbili nilijua wote wawili wapo hai. Halafu siku moja robota likateleza kwenye kupakia, likamlalia mguu wa kushoto. Walimpeleka Mwanza akiwa na miguu miwili, wakamrudisha na mmoja. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Mtu asiye dereva haelewi kwa nini nataja hilo, lakini yeye alilitaja kuliko maumivu. Leseni yake ikalala sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo.

Ruksa nayo ikaja. Soko la pamba likafunguliwa, wakaingia wanunuzi wapya na malori yao mapya na vijana wao wa kuendesha, na malori ya ushirika yakaota majani uani mpaka wenye biashara ya vyuma chakavu wakaja kuyavuta. Sisemi ushirika ulikuwa malaika. Nimepanga foleni za sukari, nimevaa khanga moja miaka mitatu, sitaki mtu anirudishe huko. Lakini siku yanavutwa yale malori, mume wangu alikwenda na spana moja mfukoni, akapanda kwenye lori lake kwa mara ya mwisho, akarudi nyumbani amevaa usukani begani kama mtu aliyebeba mwali. Ni usukani mkubwa kama ungo wa kupepetea, mweusi, umelambwa na viganja vyake sehemu mbili mpaka unang'aa. Akapigilia msumari mkubwa sebuleni, akautundika. Hakuishi sana baada ya hapo. Presha, walisema. Mimi nasema mikono yake ilikosa pa kushika.

Kwa hiyo mnielewe. Huyu mtu hakuja kwenye matanga ya mume wangu, alikuwa hospitali kwa ajili ya kidonda kilichogoma kupona, lakini mimi nilimwekea kinyongo vilevile. Akaja ule mwaka wa michembe, akasimama mlangoni, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila."

"Nina shida na ule usukani wa kaka."

"Shida gani? Una lori?"

"Sina lori. Nina kompyuta."

Nilimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyepigwa na jua. Nilimwambia, "Usukani huu hautoki ndani ya nyumba hii, hata uje na ng'ombe kumi." Nikafunga mlango. Na kitu kimoja nitakisema hapa hadharani maana yeye hakuwahi kunikumbusha, aibu ni yangu peke yangu: mtu wa mguu mmoja nilimwacha amesimama. Sikumpa kiti. Msukuma na nyumba yake, mgeni amekuja kwa mkongojo jua la saa saba, sikumpa hata maji.

Kesho yake nikasikia magurudumu uani. Ni mkokoteni wa ng'ombe, yeye amekaa mbele na fimbo, nyuma kuna kitu kimefunikwa gunia.

"Shemeji, ulisema hata nije na ng'ombe kumi. Nimekuja na wawili tu, na hawa hawajaja kuchukua. Wameleta."

Chini ya gunia kulikuwa na kompyuta. Alikuwa analinda ofisi ya mradi mmoja wa wafadhili, mradi ukafa, wenyewe wakafunga mabegi, na ile mashine kwa kuwa ilishazeeka walimwachia mlinzi. Kioo chake kilikuwa na tumbo kama pipa. Kibodi ilikuwa imepoteza herufi mbili. Ndani yake mtumishi mmoja mvivu wa ule mradi alikuwa ameacha gemu la mashindano ya magari, na huyu mlinzi wetu aliligundua siku anafuta vumbi. Alijaribu kuendesha kwa kubonyeza vidude vya kibodi, akakasirika. "Shemeji, gari haliendeshwi kwa ncha za vidole. Hiyo ni kuchambua mchele." Basi kwa kuwa usukani umekataa kwenda kwenye mashine, mashine imekuja kwenye usukani. Nifanyeje? Nilicheka, na mtu ukishacheka mlangoni pako umeshamruhusu aingie. Na kwangu umeme ulikuwa umeshafika, kwake bado.

Ninaandika namna alivyoifunga kwa sababu kuna watu waliniuliza msibani, na kwa sababu nilikuwa nimemshikia nyundo. Kwanza aliushusha usukani ukutani, kwa ruhusa yangu. Alitafuta kitovu cha gurudumu la baiskeli, kile chenye gololi, akakifunga kwenye meza yangu ya kulia chakula, usukani ukakaa juu yake ukawa unazunguka laini. Chini akafunga kigogo cha mti amekivisha mpira wa tyubu. Sasa kompyuta ina kile kidude cha kuongozea mshale, wenyewe wanakiita mausi, na mausi wa zamani ana kigololi tumboni. Akamlaza yule mausi juu ya kigogo, akamkaza kwa vipande vya mpira, ukizungusha usukani kigogo kinazunguka, kigololi kinazunguka, na gari kwenye kioo linakata kona. Mausi ana vitufe viwili. Akavifunga kwa waya za breki za baiskeli mpaka chini kwenye vibao viwili vya kukanyaga: kimoja mafuta, kimoja breki. Nilimuuliza, "Na klachi?" Akatazama chini pale. "Gari hili halina klachi, shemeji. Linabadili gia lenyewe." Halafu akacheka cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu enzi za honi mbili. "Nimeletewa gari la mguu mmoja."

Mashine ilikuwa haiwezi. Hilo alilijua siku ya kwanza. Gari linakwenda hatua, linaganda, linaruka, utadhani punda anayekataa daraja. Mtu mwingine angesema mashine mbovu, atupe. Yeye aliifungua ubavuni, akaipuliza vumbi lote la Bariadi lililokuwa limelala humo, akaiacha wazi ipate hewa, akaisogeza mbali na jiko langu. Kisha akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo: "Lori likishindwa mlima unapunguza mzigo, hupigi teke injini." Kulikuwa na mahali kwenye lile gemu pa kuchagua picha ziwe nyingi au chache. Akaanza kushusha mzigo. Akatoa mawingu. Akatoa miti. Akatoa vivuli, akatoa majukwaa na watu waliokaa wakishangilia. Mwisho akatoa na magari mengine yote, akaifanya picha yenyewe kuwa ndogo katikati ya kioo, kama unachungulia kupitia dirisha la choo. Ikabaki barabara tupu na gari moja. Na gari likaenda! Likaenda laini kabisa. Akakaa pale, mikono yake juu ya zile sehemu mbili zilizolambwa na viganja vya mume wangu, anaendesha. Niliondoka nikaenda kukoroga uji usiohitaji kukorogwa.

Siku hizo wapo waliosema anaroga. Jirani mmoja wa kike alikuja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu kwangu anasafiri bila kuondoka. Nikamwambia hata mume wake husafiri hivyohivyo, kila siku kwenye kilabu cha pombe. Hakurudi na habari hiyo.

Siku moja akaniambia, "Kaa wewe, shemeji." Mimi? Miaka ishirini na tisa nimekuwa mke wa dereva, nimeupangusa ule usukani kila Jumamosi, sijawahi kuushika kwa ajili ya kwenda popote. Nikakaa.

"Usiushike kama mpini wa jembe. Legeza."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza, unaninyonga mimi huku."

Nikakanyaga, gari likaondoka, kona ikaja, nikaiona, nikaistaajabia, ikapita. Nikaingia kwenye majani. Nikapiga yowe, "Nimeua mtu?"

"Watu nilishawatoa, shemeji. Endelea."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Lakini baadaye nikiwa peke yangu lile neno lilinikaa. Barabara iliyotolewa miti, ikatolewa watu, ikatolewa na wenzako uliokuwa unapishana nao ukawapigia honi. Mimi nilikuwa naijua barabara hiyo. Mjane yeyote anaijua.

Sasa kuna kosa alilolifanya, na ni kosa la madereva wetu wa pamba tu, sidhani mtu wa nchi nyingine angelifanya. Gari la mashindano unalizungusha kidogo tu, robo mzunguko, limeshakata. Yeye hakulitaka hivyo. Akachonga kigogo chembamba zaidi, ili kona moja ahangaike na usukani mizunguko mitatu mizima kama lori lenye marobota mgongoni. Alikuwa anaanza kukanyaga breki mbali sana kabla ya kona. Alikuwa hapiti kona bila kupiga honi kwa mdomo. Kwa hiyo alikuwa wa mwisho siku zote, hata alipokuwa peke yake barabarani, kama jambo hilo linawezekana. Na kona zote alizipa majina ya njia yake ya zamani ya pamba. Ya kwanza, ile kali, aliiita Migato. Pale panaponyooka alipaita Kiloleli. Pa kumalizia palikuwa stesheni ya Malampaka.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana mwenye duka la kurekodi kaseti. Huyo ruksa ilimpenda. Alileta kompyuta mpya kutoka Dar es Salaam, na usukani wa plastiki wa dukani, na gemu lilelile. Siku moja akasimama kwenye uzio wangu mbele za watu.

"Mzee, hiyo ni kompyuta au mashine ya kusaga? Nasikia inakoroma mpaka kwangu."

"Inakoroma kwa sababu inafanya kazi. Yako nasikia imenyamaza."

"Njoo tushindane basi. Mizunguko kumi. Nikikuacha, uache kujiita dereva mtaani hapa. Watoto wanakuita dereva, dereva, na leseni yenyewe imeoza."

Watu wakaguna. Akaukita mkongojo wake chini. Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisema, "Jumamosi, saa tisa." Usiku ule sijui kama alilala, mchana wake hakula. Nilimwambia abadilishe kile kigogo, akiweke kinene ili usukani uwe mwepesi kama wa mwenzake. Akakataa. "Nikishinda kwa kuendesha kama yeye, atakuwa ameshinda yeye."

Jumamosi nikamtolea meza barazani kwangu, kijana akatoa ya kwake mbele ya duka, barabara katikati, filimbi ikapulizwa. Wageni mjue kwamba kwetu Usukumani ngoma za baada ya mavuno huwekwa mbili kwenye uwanja mmoja, zinaanza pamoja, wala hakuna jaji mwenye kalamu. Watu ndio jaji. Wanakwenda huku, wanarudi kule, na ngoma iliyobaki na watu wengi ndiyo iliyoshinda. Hakuna aliyepanga iwe hivyo siku ile. Lakini watu wetu wakiona vitu viwili vimeanza kwa wakati mmoja pande mbili za barabara, miguu yao inajua cha kufanya.

Mwanzo wote walikuwa kwa kijana. Picha yake ilikuwa na mawingu, miti, magari yanayong'aa. Lakini kijana alikuwa kimya, ameuma ulimi, anakimbia tu, mzunguko huu sawa na ule. Huku kwangu dereva alikuwa anasafiri. "Tunaiacha Bariadi, mama mwenye kuku, mfunge kuku vizuri! Migato hiyo, shikeni mbao! Pipiii! Kuna ng'ombe hapa, ngojeni wapite." Na akasimama kweli, katikati ya mashindano, akangojea ng'ombe wasiokuwepo. Watu wakaanza kuvuka barabara. Mmoja, watatu, halafu kundi. Wazee waliowahi kupanda juu ya yale marobota wakaanza kumsahihisha: "Hapo kuna daraja, umelisahau!" Naye anajibu, "Nimeliona, nalipita taratibu." Mama mmoja akauliza kama atafika Malampaka kabla ya treni. "Nitafika, mayu. Lini nimewahi kuiacha treni?"

Kijana alimaliza mizunguko yake kumi, dereva bado yupo mzunguko wa nne. Akaruka, akapiga makofi mwenyewe, akageuka, akaona barabara nzima imempa mgongo. Akavuka akiwa anapiga kelele, "Nimemaliza! Nimemaliza mimi kwanza!" Yule mama wa treni akamgeukia. "Umemaliza peke yako, mwanangu." Vicheko vilivyopigwa pale viliwaamsha mbwa wa sokoni. Kijana naye, namheshimu kwa hilo, alisimama kidogo amenuna, halafu akasukuma watu akatafuta mahali pa kuona. Dereva hakugeuka. Aliendelea mpaka mzunguko wa kumi, akafunga breki pale Malampaka, jasho linamtoka, akaninong'oneza bila kunitazama: "Shemeji, hawa walikuja kunicheka au walipanda?" Nikamwambia walipanda. Akainamisha kichwa kwenye usukani wa mume wangu. Mabega yalikuwa yanakwenda juu na chini, na nikasimama mbele yake na khanga yangu ili watu wasione.

Tangu siku hiyo mtaa ulimwita dereva, wakubwa kwa wadogo. Akawa anakuja jioni kabla jua halijazama, anafanya safari moja, anakunywa uji, anakwenda zake. Ile kompyuta ilimfia mikononi mara mbili, akaifufua. Mwaka huu kifua kilipomzidi alikuwa anakaa tu kwenye kile kiti, haiwashi, mikono juu ya usukani.

Nimefikiri sana wiki hii. Wakubwa wetu walituambia soko litaleta vitu, na limeleta, siwezi kubisha, tambi sasa nazipika mwenyewe. Lakini hakuna aliyekuja kuuliza yale malori yakivutwa, mikono iliyoyaendesha itawekwa wapi. Sisi wenyewe hatukuuliza. Tulimpa mtu pole, tukampa kilo ya unga, tukaenda. Mume wangu alikufa na pole nyingi sana. Huyu mwenzake aliishi kwa kitovu cha baiskeli na kipande cha mpira. Nimejifunza kwamba aliyenyang'anywa kazi yake umtafutie mahali pa kuweka mikono, hata kama ni mahali pa kuchekesha, na kwanza kabisa umpe kiti.

Juzi baada ya matanga mwanawe mkubwa alikuja. Ana duka la kompyuta Mwanza, kijana mwenye adabu, macho mekundu ya kulia. Akasema, "Mama, naomba usukani wa baba niutundike dukani kwangu, watu wauone." Wa baba, anasema. Sikumsahihisha. Nilimletea kiti, nikamwekea maji ya kunawa, nikampa michembe na karanga na uji kwenye kile kikombe cha baba yake. Nikamwonyesha kiti cha pale mezani, nikamwambia vibao vya kukanyaga bado vinafanya kazi, na mlango haufungwi mchana. Alipomaliza kula akauliza tena, taratibu. Nikamjibu neno kwa neno kama nilivyomjibu baba yake, ila huyu nilimjibu akiwa ameketi:

"Usukani huu hautoki ndani ya nyumba hii, hata uje na ng'ombe kumi."